Bampa la Nyuma la Landrova ya Bwana Mpima

Laleni chini kwanza. Sisemi mlale usingizi. Tandikeni gunia nyuma ya gari, mlale chali, mtazame vile vinavyoning'inia kati ya tairi la nyuma na mkia wa gari. Kijana ambaye hajawahi kulala hapo akiniambia anajua gari la milimani, mimi humsikiliza kwa adabu kwa sababu nimelelewa, lakini moyoni nimeshamwacha.

Mimi ni Mujuni. Wakati wa Mwingereza, kabla ya uhuru, nilikuwa dereva na fundi wa landrova za serikali hapa Bukoba, na kazi yangu kubwa ilikuwa Muleba. Vijana wengi huniuliza kuhusu injini, kuhusu gia ndogo, kuhusu matairi. Hakuna anayeniuliza kuhusu bampa la nyuma. Mnaona ni urembo. Mnalipaka rangi nyeupe, mnaandika maneno juu yake. Mimi bampa la nyuma lilinifundisha kazi kuliko mwalimu yeyote, na somo lenyewe sikulipata kwa furaha.

Nilianza kwenye malori ya kahawa. Lori likigusa kitu kwa nyuma, linaguswa kwenye ubao, ubao unabadilishwa, mnaendelea. Halafu zikaja landrova, zikateremshwa kwenye meli kutoka Mwanza, na mimi nikakabidhiwa moja nimwendeshe mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Mpima. Kazi yake ilikuwa kutafuta mahali barabara zitakapopita. Maana yake ni kwamba mimi nilipita mahali pasipo na barabara, kila siku, ili wengine baadaye wapite kwa raha. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia ya kunyoosha kidole upande wa bonde lolote lile na kusema, "Huko, Mujuni," kana kwamba huko kuna lami.

Niliona gari linavutwa na magurudumu yote manne, nikalewa. Mbele nilikuwa mwangalifu sana, kwa sababu mbele kuna taa, kuna rejeta, na kuna macho yangu mwenyewe. Nyuma nilidhani pangejitunza penyewe.

Kosa la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Ilikuwa Kitendaguro, hapa hapa mjini, tumemaliza kupima, Bwana Mpima amekaa tayari na ramani zake magotini. Nikarudisha gari nyuma bila kushuka kuangalia. Nikasikia mlio wa mti unaopasuka, kisha kelele za watu. Nimeukanyaga mtumbwi wa kukamulia ndizi wa mzee mmoja aliyeitwa Ta Bernado. Sisi Wahaya mtu mzima tunamwita Ta, na mama mtu mzima tunamwita Ma. Basi mtumbwi wa Ta Bernado, uliochongwa na baba yake, ulikuwa umepasuka kutoka kichwani hadi mkiani, na maji ya ndizi ambayo siku mbili baadaye yangekuwa lubisi, pombe yetu ya ndizi, ya harusi yalikuwa yakishuka mtaroni taratibu. Kuku walikuwa wameshafika.

Nikaomba radhi. Ta Bernado akanitazama, akatazama bampa langu lililopinda, akasema, "Vua viatu."

"Waitu?" nikauliza kwa heshima, kama Wahaya tunavyomjibu mkubwa.

"Vua viatu, mwanangu. Mtumbwi nitaazima kwa ndugu yangu. Ndizi zimebaki. Waliokuwa wanakanyaga wamechoka, nawe una miguu."

Bwana Mpima alikaa ndani ya gari saa tatu nzima akisoma, huku mimi nikikanyaga ndizi na nyasi na suruali ya serikali imekunjwa juu ya magoti, wanawake wakiniimbia wimbo ambao sitaurudia hapa. Niliporudi alisema neno moja tu: "Nyuma." Nikasema ndiyo, Bwana. Tangu siku ile sijarudisha gari nyuma bila kushuka kwanza na kulizunguka kwa miguu, na ninyi fanyeni hivyo hivyo. Kioo hakikuonyeshi kilicho chini ya kiuno.

Lakini bampa lenyewe sikulijali. Nililinyoosha kwa nyundo, likakaa kombo kidogo, nikaliacha. Lilipogonga jiwe wiki nyingine nikalinyoosha tena. Chuma kinachokunjwa na kunyooshwa kila wiki hulegea, kinakuwa kama ukili wa mkeka. Nilijua hivyo. Nilikuwa nikijiambia, Jumamosi nitalishughulikia, na Jumamosi nikawa nalala.

Sasa nitawaeleza siku ya Buganguzi.

Tulikuwa tumepiga kambi upande ule wa Muleba. Asubuhi moja Bwana Mpima alikuwa na homa, amelala hemani, akanituma nikalete maji. Njiani mwanamume mmoja alitoka mbio kwenye migomba akasimama mbele ya gari na mikono juu. Jina lake Kamugisha. Mke wake, Kokushubila, alikuwa na uchungu wa mtoto wa kwanza tangu jana yake, na mkunga wa pale alikuwa amesema mambo hayaendi, apelekwe hospitali Rubya. Nikarudi hemani kuomba ruhusa. Bwana Mpima hakuinua hata kichwa. Akasema, "Nenda. Unauliza nini?"

Nilipofika nyumbani kwao nilikuta vijana wanane wameshaandaa engozi, ile machela yetu ya miti na fito ambayo wagonjwa hubebewa mabegani. Walikuwa wameshaishika. Mama mkwe wa yule binti, Ma Anastazia, aliponiona na gari akawainulia mkono. "Wekeni chini," akawaambia. "Gari la serikali limekuja. Litafika kabla yenu."

Tukamlaza Kokushubila nyuma juu ya nyasi na blanketi, Ma Anastazia kando yake, Kamugisha mbele nami. Niliendesha vizuri. Nataka mjue hivyo, kwa sababu nimejiuliza mara nyingi. Niliendesha pole pole, kila jiwe nililiona, hadi tulipofika kwenye kijito kilichoko kati. Siku hizo hakikuwa na daraja la gari. Unashuka ukingo, unapita majini, unapanda ukingo wa pili. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na ukingo ulikuwa umeliwa, umebaki kama ngazi moja kubwa ya udongo mwekundu.

Magurudumu ya mbele yakashuka. Ya nyuma yakashuka. Tukavuka maji. Pua ikapanda ukingo wa pili, na pua ilipopanda mkia ukashuka, na bampa langu lililolegea likachoma udongo kama jembe. Nikasikia. Nikaongeza mafuta. Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, kwa sababu kuongeza mafuta kulilikunja bampa lote ndani, chini ya gari, likalibana bomba la moshi na kulijaza tope. Injini ikakohoa, ikazima.

Niliwasha. Ikawaka kidogo, ikazima. Niliwasha tena. Injini isiyoweza kutoa moshi ni kama mtu aliyezibwa pua na mdomo, lakini mimi wakati ule sikufikiria bomba kabisa. Nilidhani maji yameingia kwenye plagi. Nikafungua boneti, nikafuta plagi moja moja, nikapuliza, nikaomba Mungu. Nilikuwa nimeinama mbele, na ugonjwa ulikuwa nyuma. Sijui nilipoteza muda gani. Kamugisha alisimama kando yangu akinishikia plagi. Nyuma, yule binti alikuwa ameacha kulia, na kule kunyamaza kulinitisha kuliko kilio.

Ma Anastazia akateremka. Akaniambia kwa utulivu kabisa, "Kijana, litaondoka au haliondoki? Niambie ukweli nijue la kufanya."

Nikasema, "Sijui, Ma."

Akamgeukia mwanawe. "Kimbia ukawaite wenye engozi."

Walikuja. Walikuja wakikimbia, wakamchukua kwenye ukingo ule ule, wakapanda nao kana kwamba hakuna tope. Mimi nikabaki na gari. Walipokwisha kupotea machoni ndipo nilipolala chini na kuona bomba la moshi limebanwa kama mdomo wa mtu mwenye hasira. Nililifungua kwa sululu na bisibisi. Gari likawaka mara ya kwanza nilipoligusa.

Nikafika Rubya jua limeshavuka utosi. Vijana wa engozi walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Kokushubila alikuwa hai. Mtoto, wa kiume, hakuwa hai. Sista mmoja wa pale alitoka akaniambia maneno ya kunifariji, kwamba huenda asingeishi hata wangefika mapema, kwamba hakuna ajuaye. Nilimshukuru. Ma Anastazia yeye hakunifokea. Alikuwa amekaa ukutani, amejifunika khanga, akasema, "Tulikuwa tumeshaishika engozi. Tuliiweka chini kwa sababu yako."

Ni hayo tu. Nimezeeka nayo.

Wapo watakaosema nilipaswa kuacha kazi. Niliwaza hivyo siku mbili. Siku ya tatu nilijiambia: gari hili litaendelea kupita kwenye mito, niwemo nisiwemo, na watu wataendelea kuliamini wakiliona. Basi ama nihakikishe linapanda ukingo, ama nisilale. Nikaanza.

Bampa la kwanza nililitengeneza kwa hasira, na hasira hutengeneza vitu vizito. Nilipata kipande cha chuma cha reli kwenye lundo la chakavu la karakana, nikakifunga nyuma kwa bolti nene kuliko kidole gumba. Nilijisifu sana. Utingo wa malori walikuja kulipiga teke. Nikaenda nalo kwenye makorongo ya nje ya mji, nikashuka la kwanza, na nilipopanda, reli ilichoma udongo mapema zaidi kuliko bampa la zamani, kwa sababu ilitokeza nyuma zaidi. Kwa kuwa haikunjiki, nguvu yote ikaenda kwenye chesisi, ile fremu inayobeba gari zima. Nilirudi mjini na chesisi iliyopasuka. Mkuu wa karakana, Mwingereza mwenye masharubu ambaye alipenda kila kitu kiwe kama kilivyoandikwa kwenye kitabu, alinipa onyo na wiki mbili za kuosha magari ya wenzangu.

Bampa la pili lilikuwa gogo la mkaratusi. Niliwaza: mti unateleza. Kweli uliteleza, siku tatu. Siku ya nne ulikuwa umenyonya maji, umekuwa mzito kama ng'ombe, na siku ya tano ukapasuka Bwana Mpima akiwa ndani. Akashuka, akaokota kipande kimoja, akakinusa. "Mujuni," akasema, "banda langu la kuni limejaa." Sikucheka. Naye alipoona sicheki hakurudia.

Ndipo nikaenda kwa Mzee Shomari.

Mzee Shomari alikuwa mfua chuma pale mjini, jirani na msikiti. Baba yake alikuja kutoka pwani zamani za misafara, akaoa Mhaya, akabaki. Mzee alizungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu, na Kihaya chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Alitengeneza majembe, visu, bawaba, na kwato za baiskeli, kama alivyoita vile vyuma vya kusimamishia. Gari hakuwahi kuendesha. Nilimkuta anapuliza moto, nikamweleza yote, pamoja na habari za Buganguzi, ambazo sikuwa nimemweleza mtu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Bampa ni la kazi gani?"

"La kuzuia gari lisigongwe, Mzee."

"Nani anakugonga kule porini? Kuna gari lingine?"

Nikatikisa kichwa.

"Hakuna anayekugonga," akasema. "Wewe ndiye unayeigonga ardhi. Sasa unataka kushindana na ardhi? Lete gari."

Nikaleta. Akatandika gunia, akalala chini, mzee wa umri ule, na kanzu yake akaikunja kiunoni. Akaniomba kamba. Ncha moja akanipa niishike pale tairi la nyuma linapogusa ardhi. Ncha nyingine akaivuta kwenda nyuma na juu, akaikaza, akaipandisha kidogo kidogo mpaka ikagusa kitu. Ikagusa ndoano ya kuvutia tela. "Hii inaning'inia kwa kazi gani?" Sikuwa na tela. Tukaifungua. Akapandisha tena kamba. Ikagusa mdomo wa bomba la moshi. Akapandisha. Ikagusa kona za bampa.

"Umeiona kamba?" akasema. "Huo ndio mlima unaoweza kuupanda. Kilicho chini ya kamba kitachimba. Usikiongezee unene. Kiondoe, au kipandishe, au kifundishe kuteleza."

Vijana, nimesoma vitabu viwili vitatu vya magari tangu wakati ule, vyenye michoro na namba za pembe. Vyote vinasema alichosema Mzee Shomari akiwa amelala juu ya gunia.

Tulifanya kazi majuma matatu, kila nilipotoka Muleba. Bampa tulilipandisha vidole vinne na kukata kona zake zote mbili kwa mshazari, ili gari likigeuka kwenye mfereji kona isishike ukuta. Bomba la moshi tulilikata fupi tukaligeuza litoe moshi ubavuni, mbele ya tairi la nyuma, mahali ambapo udongo wa nyuma haufiki. Halafu tukachukua springi za lori lililokufa, zile bapa zilizopinda kama upinde, tukazifunga mbili chini ya bampa, moja kila upande, zimekunjwa mbele na nyuma kama viatu vya mtelezo. Springi ni chuma kinachokubali kupinda na kurudi. Udongo ukiigusa haichomi, inapanda juu yake.

Jambo la mwisho ndilo tuliloligombania. Mimi nilitaka bolti ngumu. Mzee alitaka zilizo laini.

"Zitakatika," nikamwambia.

"Ndiyo. Zikatike zenyewe. Ulipofunga ngumu kilikatika nini?"

Chesisi. Nilifunga laini, na tangu siku hiyo sikosi bolti sita za akiba kwenye kopo chini ya kiti. Ukiona fundi anakufungia kinga ya bampa kwa bolti ngumu kuliko chesisi yako, mshukuru, ondoka.

Nikiwa nimeshalifurahia, Mkuu wa karakana akaliona. Alilizunguka gari mara mbili na mikono mgongoni. "Hiki hakimo kwenye kitabu," akasema. "Kiondoe. Kesho nataka kuliona gari kama lilivyokuja."

Nilikuwa nimeshapewa onyo moja. Nilikuwa na mke, na kazi ile ilitafutwa na watu wengi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nitakiondoa, Bwana. Lakini kwanza endesha wewe mwenyewe."

"Unasema nini?"

"Pale nyuma ya karakana kuna mfereji. Shuka ndani yake, kisha panda utoke. Usinihurumie. Kikishindwa nitakiondoa, na mimi niondoke nacho."

Mzee Shomari alikuwa amesimama langoni, amekuja na bawaba za mlango wa stoo. Nadhani ni kule kutazamwa na mzee ndiko kulikomfanya yule Bwana aingie kwenye gari. Aliendesha kwa hasira, kama nilivyotaka. Alishuka mfereji bila kupunguza mwendo, pua ikapanda, mkia ukashuka, tukasikia mlio wa springi ukikwaruza mawe, krrr, na gari likatoka. Akarudia. Mara ya tatu alijaribu kwa mshazari, na hapo bolti moja ikakatika.

Akashuka, akaokota kichwa cha bolti. "Tazama. Kimevunjika."

"Ndiyo, Bwana. Ndiyo kazi yake. Sasa tafadhali itazame chesisi."

Kisha, sikutegemea, akavua kofia yake, akalala kwenye vumbi na shati lake jeupe, akaitazama. Alikaa chini kule kwa muda. Mimi nikabadilisha ile bolti kabla hajainuka. Alipoinuka akajipangusa masharubu, akasema, "Acha kilivyo," akaondoka. Mwezi uliofuata aliagiza landrova zote za karakana zifungiwe hivyo. Mzee Shomari hakujua kuchora kwenye karatasi, hivyo alimchorea Mkuu kwa mkaa juu ya mlango wa stoo, na mlango ule ukawa ndio kitabu.

Mngeweza kudhani hapo nimemaliza. Mimi nilikuwa bado na safari ya kwenda Buganguzi, na niliiahirisha mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Nilipokwenda, sikwenda na zawadi. Nilikwenda na gari. Ma Anastazia alikuwa anaanika kahawa uani. Nikamsalimu, nikamweleza tulichokifanya, nikamwonyesha viatu vile vya springi. Aliinama akavigusa. Kisha akaniambia kwamba Kokushubila ana mimba tena, na kwamba siku zake si nyingi.

"Sasa niambie ukweli kama ulivyoniambia siku ile," akasema. "Nikuite wewe, au niite engozi?"

Kulikuwa na jibu ambalo lingenifurahisha mimi. Nilikaa nalo mdomoni, nikalimeza. Nikasema, "Iteni vyote viwili, Ma. Mimi nitangulie, na engozi itembee nyuma yangu hadi mlangoni Rubya. Nikikwama, wasinisubiri hata kidogo. Wamchukue."

Akaitikia kwa kichwa. "Hapo umesema."

Nikamwomba Bwana Mpima kambi yetu ikae upande ule majuma mawili zaidi. Aliniuliza sababu, nikamwambia. Akakunja ramani, akasema milima ya upande ule kwa kweli hakuipima vizuri mara ya kwanza. Alikuwa ameipima vizuri sana.

Siku ilipofika, Kamugisha alikuja kuniita asubuhi ya jua. Tulimlaza Kokushubila, Ma Anastazia akapanda kando yake na rozari mkononi, na nyuma yetu wakajipanga vijana wanane na engozi tupu. Mizigo yote niliihamishia mbele, madebe ya maji na jeki na sululu, ili mkia uwe mwepesi. Nilipofika kwenye kijito nilizima injini. Nilishuka, nikaenda kwa miguu hadi ng'ambo, nikapima ukingo kwa fimbo niliyoikata sawa na kimo ambacho ile kamba ilifika nyuma ya gari. Ukingo ulikuwa mrefu kuliko fimbo kwa kiganja kimoja. Nikachukua sululu nikaulaza kwa kiasi hicho tu. Vijana wa engozi walitufikia wakati huo, wakasimama. Kila mmoja alijua mahali tulipo.

Nikaingia majini. Kwenye ukingo sikupanda kwa kuelekea moja kwa moja. Nilipanda kwa mshazari, gurudumu moja kwanza, kisha jingine, ili kona moja tu ya nyuma ishuke kwa wakati mmoja. Sikuongeza mafuta. Gia ndogo, mguu mwepesi. Pua ikapanda. Nikasikia springi ya kushoto ikigusa udongo. Ikakwaruza, ikateleza, ikaachia. Ya kulia ikagusa, ikateleza. Nikaona mbele yangu mbingu, halafu migomba, halafu njia. Injini ilikuwa inanguruma kama kawaida yake, haijui lolote.

Nyuma, Kokushubila aliuliza kwa sauti ndogo, "Tumepita?"

"Tumepita," Ma Anastazia akasema. "Nyamaza sasa, vuta pumzi."

Mtoto alizaliwa saa saba mchana, msichana, na sauti aliyokuja nayo ilisikika mpaka nilipokuwa nimeegesha. Tulikuwa bado tunamsikiliza vijana wanane walipotokea kwenye kona ya njia, wametoka jasho, miguu imekuwa myekundu kwa tope hadi magotini, na engozi tupu mabegani. Hawakuwa wameiweka chini hata mara moja. Kiongozi wao alimsikia mtoto, akasimama, akanitazama.

"Mujuni," akasema, "tumebeba hewa kutoka Buganguzi hadi hapa."

Wakaishusha, wakaanza kucheka, mmoja akajitupa juu yake na kusema basi abebwe yeye kurudi nyumbani. Niliwashika mkono mmoja mmoja, wote wanane. Kisha nikatandika gunia langu nyuma ya gari, nikalala chali, nikaanza kuhesabu bolti.